Vumbi la Bomu: Askari Alipata Mionzi Kiasi Gani?

Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la nyuklia huko Bikini, katika Visiwa vya Marshall, Bahari ya Pasifiki. Upepo ulipeleka vumbi lenye mionzi hadi kisiwa cha Rongerik, walikokuwa wanajeshi 28 wa Marekani. Waliondolewa kesho yake.

Mionzi waliyopata hukadiriwaje? Kwanza, kwa filamu ndogo ambayo hugeuka nyeusi ikipatwa na mionzi. Pili, kwa hesabu: vumbi lilifika saa ngapi, nani alikuwa nje, nani ndani ya nyumba, kwa muda gani. Ukali wa vumbi hupungua upesi. Saa zikiongezeka mara 7, hubaki sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo ukikosea saa, umekosea kipimo.

Tena filamu haioni vumbi lililovutwa au kumezwa. Hilo hutafutwa katika mkojo.

Basi, kadirio dogo si hakikisho la usalama. Ndiyo maana sheria ya Marekani ya mwaka 1988 iliruhusu askari wa majaribio hayo wenye saratani za aina fulani walipwe fidia bila kuthibitisha kipimo.