Wolframu inachimbwa Rulindo, wino unachanganywa Manchester: faida iko wapi?

Mgodi wa Nyakabingo, wilayani Rulindo, kaskazini mwa Kigali, ni miongoni mwa migodi mikubwa ya wolframu barani Afrika. Mwaka 2025 kampuni inayouendesha, Trinity Metals, ilianza kusafirisha makinikia yake hadi kiwanda cha Global Tungsten & Powders, Towanda, Pennsylvania. Sehemu kubwa ya madini haya duniani huishia kwenye vyuma vya kukatia na kutobolea. Lakini maabara zimeyapatia kazi mpya: wino wa kuchapia vihisi mwanga.

Kihisi mwanga hugeuza mwanga kuwa umeme. Kimo ndani ya simu inayojirekebishia mng'ao wa kioo, kwenye taa za barabarani na kwenye kipima oksijeni kinachobanwa kidoleni. Vingi hutengenezwa kwa silikoni, katika viwanda vinavyogharimu mamilioni ya dola. Printa ya matone hupita njia fupi: humwaga wino wenye chembe ndogo mno juu ya plastiki au karatasi, pale tu unapohitajika.

Mwaka 2017, kundi la Cinzia Casiraghi katika Chuo Kikuu cha Manchester lilionyesha safu za vihisi mwanga zilizochapwa hivyo kwa salfidi ya wolframu, yaani mchanganyiko wa wolframu na salfa. Mwaka huohuo kundi la Jonathan Coleman, Dublin, lilichapa transista kwa wino wa wolframu na seleni.

Kazi ngumu imo ndani ya tone. Printa za maabara hudondosha matone ya pikolita 10 hivi, yaani matone milioni 100 katika mililita moja. Chembe zikiwa kubwa, tundu huziba. Wino ukiwa mwepesi mno, tone hukauka likiacha duara jeusi pembeni, sawa na doa la kahawa mezani, na kihisi hakifanyi kazi sawasawa. Manchester walitumia maji, wakayaongezea glikoli na gundi ya zanthani, ileile inayotiwa kwenye sosi za dukani.

Sasa tupige hesabu. Kihisi cha milimita moja ya mraba, chenye tabaka la salfidi ya wolframu la unene wa mikromita moja, hutumia takriban mikrogramu 7.5. Gramu moja hutoa vihisi zaidi ya 100,000. Kwa hiyo hata biashara hii ikishamiri, Nyakabingo haitauza tani nyingi zaidi kwa sababu yake. Thamani haimo kwenye jiwe. Imo kwenye kusafisha, kutenganisha tabaka, kuchanganya wino na kuhakikisha kihisi cha elfu kinafanana na cha kwanza.

Hapo Kigali ina cha kuanzia. Taasisi ya Utafiti wa Msingi ya Afrika Mashariki (EAIFR), iliyoanza mwaka 2018 chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda kwa ushirikiano na kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia (ICTP) cha Trieste, hufundisha fizikia ya mata mango. Chuo hichohicho kina kituo cha umahiri cha intaneti ya vitu, na Carnegie Mellon Afrika inafundisha wahandisi katika Kigali Innovation City. Mhitimu wa taasisi ya kwanza anaielewa chembe, wa pili saketi, wa tatu programu.

Lakini mwekezaji asijidanganye. Kihisi kidogo cha silikoni kinauzwa kwa senti chache za dola, na hakuna printa itakayokishinda kwa bei. Kilichochapwa kina nafasi pale kinapotakiwa kuwa kikubwa, chepesi, cha kupindika au cha kutumika mara moja na kutupwa. Na kikiingia hospitalini, lazima kwanza kipite kwa Rwanda FDA, mamlaka ya udhibiti wa chakula na dawa.

Basi asiyekuwa na mtaji wa kiwanda aanze na mteja: fundi wa sola anayehitaji kipima mwanga, au hospitali inayotaka kihisi cha ngozi cha kutupwa. Wino aununue kwanza na printa iwe ya maabara. Akishapata oda ya kudumu, ndipo afikirie kuchanganya wino wake mwenyewe.