Wazimu na Kinga ya Mwili

Neno wazimu lina shina moja na mzimu. Labda ndiyo sababu mgonjwa wa skizofrenia mara nyingi hupelekwa kwanza kwa mganga. Kloropromazini, dawa iliyoanza kutumiwa Paris mwaka 1952, ilituliza sauti azisikiazo mgonjwa peke yake. Baadaye ikabainika kuwa huzuia dopamini, kemikali ipelekayo ujumbe ubongoni. Lakini ubaridi wa hisia na kujitenga havikuondoka. Dopamini pekee, basi, haitoshi kuueleza ugonjwa huu.

Mwaka 2016 watafiti wa Marekani waliihusisha skizofrenia na C4, jeni ya kinga ya mwili. Protini yake huvitia alama viungio vya seli za neva ili vifyekwe. Ujanani kupogoa huko ni kwa kawaida. Kukizidi, huenda vyenye manufaa navyo vikafyekwa. Hata hivyo, wengi walio na aina hatari ya jeni hiyo hawaugui kamwe.