Pikapu Kuukuu na Mafuta Yanayopotea Bure

Wenye Hilux za zamani, hasa zile za dizeli zenye injini ya 2L, 3L au 5L isiyo na turbo, wamezoea kuambiwa kwamba gari likishazeeka lazima linywe mafuta. Sikubaliani. Injini ya 3L ambayo kompresheni yake bado nzuri inaweza kwenda kilomita 9 hadi 11 kwa lita ikiwa na mzigo wa wastani, hata kama ina miaka 25. Ikishuka hadi 7 au 6, mara nyingi chanzo ni vitu ambavyo mafundi wamevitoa, wamevikaza au wamevifungulia miaka ilivyokwenda, kila kimoja kwa nia njema, na hakuna aliyerudi kuviweka sawa.

Kabla hujagusa chochote, pima. Jaza tanki mpaka pampu ya sheli ikate yenyewe, andika kilomita, endesha kama siku zote, kisha rudi kwenye pampu ileile ujaze vilevile. Ukiwa umetembea kilomita 420 na tanki limepokea lita 46, umekwenda kilomita 9.1 kwa lita. Rudia mara mbili tatu ndipo uiamini hesabu. Kama gari limefungwa tairi kubwa kuliko zake za awali, mita inasoma pungufu. Tairi likizidi mzingo kwa asilimia 5, kilomita 100 za barabarani zitaonekana kama 95 kwenye dashibodi, nawe utalilaumu gari bure.

Cha kwanza ninachokitafuta ni themostati, kwa sababu mara nyingi haipo. Gari lilichemsha siku moja, fundi akaitoa, likaacha kuchemsha, na mwenye gari akashukuru. Kazi ya themostati ni kuyazuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka yafike nyuzi 80 hivi. Ikiondolewa, maji yanapozwa tangu unapowasha. Dar es Salaam kwenye foleni huenda usione kitu. Toka Mafinga kwenda Makambako asubuhi ya Julai, uone mshale wa joto unavyolala chini safari nzima. Kuta za silinda zinabaki baridi, sehemu ya dizeli haiungui vizuri, oili inakaa nzito, na injini inapoteza nguvu kwa kujizungusha yenyewe. Pamoja na mafuta kupotea, silinda na ringi za pistoni zinalika mapema.

Kuichunguza hakuhitaji gereji. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, iwashe, kisha shika mpira wa juu wa rejeta, ukijihadhari na feni. Unatakiwa ukae baridi kwa dakika kadhaa, halafu upate moto kwa mkupuo. Ukiona unapata joto taratibu tangu mwanzo, themostati haipo au imekwama ikiwa wazi. Unaponunua mpya, itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, uchemshe, na uangalie kama inaanza kufunguka kwenye nyuzi zilizochongwa kwenye bati lake. Isipofunguka, irudishe dukani. Na gari likichemsha tena baada ya kuifunga, ugonjwa uko kwingine: rejeta imeziba, mfuniko wake umechoka, au gasketi ya silinda hedi inavujisha. Hayo ndiyo ya kutibu.

Feni nayo ina historia kama hiyo. Ilitoka kiwandani na klachi yenye mafuta mazito ya silikoni, inayoilegeza feni wakati injini haijapata joto. Klachi ikifa, wengi huikaza kwa bolti ili feni izunguke na injini muda wote. Nguvu inayoliwa na feni hupanda kwa kasi sana: mizunguko ikiongezeka mara mbili, nguvu inayohitajika inaongezeka mara nane. Kwenye barabara kuu, ambako upepo wa mwendo unatosha kuipoza rejeta, hayo ni mafuta ya kufanya kelele tu.

Halafu pampu ya dizeli. Skrubu ya kiwango cha juu cha mafuta hufungwa lakiri, na ukikuta lakiri imekatwa ujue kuna mtu aliongeza mafuta ili gari lipate nguvu mlimani. Moshi mweusi unaotoka ni dizeli uliyoilipia ikakosa hewa ya kuunguzia. Hapa mwinuko una maana kubwa. Kwenye mita 1,800, kama ilivyo Nairobi, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya sita, na injini isiyo na turbo haina namna ya kuifidia. Pampu iliyosetiwa Mombasa au Dar es Salaam kwa kubana, bila kuacha nafasi, itatoa moshi huko juu hata kama ni nzima. Kama gari lako linashinda nyanda za juu, mwambie fundi wa pampu hivyo kabla hajaipandisha kwenye mashine ya kupimia, na nozeli zipimwe siku hiyohiyo.

Breki zinazobana na tairi zenye upepo mdogo hazihitaji maneno mengi. Pandisha kila gurudumu kwa jeki, lizungushe kwa mkono, na linalokataa lifunguliwe. Mlango wa nyuma wa bodi uache umefungwa. Majaribio ya handaki la upepo yameonyesha kwamba hewa hujikusanya ndani ya bodi na kuufanya upepo upite juu yake. Ukiushusha, unauvuruga mpangilio huo. Sumaku za kufunga kwenye mpira wa mafuta ziache dukani. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima vifaa zaidi ya 100 vinavyodaiwa kuokoa mafuta, na ni vichache mno vilivyopunguza matumizi hata kidogo.

Limebaki jambo moja la uendeshaji, ambalo linaniumiza kwa sababu watu wanalifanya wakidhani wanaokoa. Ni kuweka nyutro kwenye mteremko. Gari la dizeli likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye resi, gavana ya pampu inakata mafuta kabisa, na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitoa gia, pampu inalazimika kumwaga mafuta ili injini isizime. Dereva anayeshuka mlima Kitonga kwa nyutro anachoma dizeli zaidi ya yule aliyeweka gia ya pili au ya tatu, na mzigo wote ameuachia breki peke yake.