Pilipili Pekee Haitoshi: Kutafuta Chakula cha Kusini-Magharibi mwa China Jijini Beijing

Anayetafuta chakula cha kusini-magharibi mwa China jijini Beijing hakosi mgahawa. Jina la Sichuan limebandikwa kwenye mabango ya mitaa mingi, na mingi ya migahawa hiyo hupika kitu kilekile: mafuta mekundu, rundo la pilipili kavu, chumvi nyingi. Mtu hula, jasho likamtiririka, akalipa na kuondoka akiamini ameonja Sichuan. Kwa maoni yangu, bado. Kusini-magharibi kuna mikoa ya Sichuan, Guizhou na Yunnan pamoja na jiji la Chongqing, lililotengwa na Sichuan mwaka 1997, na mapishi ya huko hayafanani. Mgahawa unaostahili fedha zako ni ule unaosema wazi unapika cha wapi, kisha chakula chenyewe kikathibitisha.

Beijing ina njia moja ya kuufikia mgahawa wa aina hiyo, na wageni wengi hawaijui. Kila mkoa una ofisi yake ya uwakilishi katika mji mkuu, inayofuatilia mambo ya mkoa serikalini na kuwapokea viongozi wanaokuja vikaoni. Ofisi hizo zina nyumba za wageni, na nyumba za wageni zina majiko. Ofisa aliyetoka Guiyang, mkoani Guizhou, hataki kulishwa tambi za ngano za kaskazini siku zote. Anataka cha kwao. Kwa hiyo mpishi huletwa kutoka mkoani, na viungo pia. Hatimaye milango ikafunguliwa kwa kila mwenye njaa. Mgahawa wa ofisi ya Sichuan, Chuan Ban, karibu na Jianguomen, ulijipatia jina kwa foleni zake, na wa Yunnan ukajulikana eneo la Donghuashi. Mwaka 2010 serikali kuu iliamuru ofisi za ngazi ya wilaya zifungwe, lakini za mikoa zikabaki. Migahawa huhama na kubadili mikono, hivyo ulizia kabla ya kupanda treni ya chini ya ardhi.

Ushauri wangu ni kuanza na Guizhou, mkoa usio na jina kubwa nje ya China. Ni nchi ya milima isiyo na chumvi. Kwa karne nyingi chumvi ilitoka Sichuan, hasa kwenye visima vya Zigong, ambako mwaka 1835 wachimbaji walishuka zaidi ya mita 1,000 kwa mitambo ya mianzi. Ilipandishwa milimani kwa shida na kuuzwa ghali, na maskini hawakuimudu. Pilipili, ambayo asili yake ni Amerika, ilikuwa imeingia China mwishoni mwa karne ya 16, na maandishi ya Wachina yaliitaja kwanza kama ua la kupamba. Ni Guizhou ambako kumbukumbu za mwanzoni mwa karne ya 18 zinaeleza kwamba wenyeji waliitumia badala ya chumvi. Pamoja nayo walitegemea uchachu. Mpaka leo watu wa kabila la Wamiao wa Kaili, mkoani humo, huchachusha maji ya kuoshea mchele, au nyanya na pilipili, ndani ya mitungi, kisha humo ndimo wanamopika samaki wa mtoni.

Mchuzi huo ndio mtihani wa mgahawa wa Guizhou. Uchachu wa mtungi huja taratibu, una harufu ya kitu kilicho hai, na hubaki kooni baada ya kumeza. Uchachu wa siki hupiga ulimi mara moja na kupotea. Kijiko cha kwanza kinatosha kukuambia uko wapi. Halafu uliza kama wana zhe'ergen, mizizi myeupe yenye shombo la samaki inayoliwa mbichi au kukaangwa na nyama iliyokaushwa kwa moshi. Wageni wengi huisukuma pembeni. Jiko lisilo na mizizi hiyo linapikia watu wa Beijing, haliwapikii watu wa Guizhou. Agiza pia kuku wa gongbao, aliyepewa jina kwa heshima ya Ding Baozhen, mzaliwa wa Guizhou aliyetawala Sichuan hadi alipofariki mwaka 1886. Toleo la Guizhou hutumia pilipili kavu zilizolowekwa na kutwangwa kinuni pamoja na tangawizi na kitunguu saumu, na kwa kawaida halitiwi karanga.

Sichuan ina mitihani yake. Huajiao, ile punje inayotia ulimi ganzi, si pilipili wala pilipili manga. Ni ya jamii ya michungwa, na ni ndugu wa karibu wa mjafari, mti wa miiba ambao waganga wa Afrika Mashariki hutumia magome na majani yake. Huajiao nzuri hunukia kama ganda la chungwa, na midomo huanza kutetemeka muda mfupi baada ya kutafuna. Iliyokaa sana ghalani huacha uchungu tu. Agiza mapo tofu uione kazi yake, na uangalie wekundu wa mchuzi: unapaswa kutoka kwenye rojo la Pixian, yaani maharage mapana na pilipili vilivyochachushwa mwaka mmoja au zaidi, na kuelekea hudhurungi. Wekundu unaong'aa kama rangi ya mdomo una mashaka. Kisha agiza kitu kisicho na pilipili kabisa, kwa mfano bata aliyefukizwa moshi wa chai. Hapo ndipo mpishi hana pa kujificha.

Yunnan inapakana na Myanmar, Laos na Vietnam, na ndimu, mnanaa na mchaichai vinaonekana mezani. Jibini ya maziwa ya mbuzi iliyokaangwa ni chakula cha kawaida huko, jambo lisilotarajiwa na wengi wanapofikiria China. Msimu wa uyoga wa porini, mwezi Juni hadi Septemba, ndio wakati wa kwenda. Aina moja hugeuka buluu ikikatwa, na isipoiva sawasawa humfanya mlaji aone mauzauza. Mgahawa makini hukukataza kugusa chungu mpaka muda wake utimie. Tii.

Neno kwa Waislamu: mafuta na nyama ya nguruwe vimeenea katika majiko yote haya. Lakini Yunnan ina Waislamu wa zamani wa kabila la Hui. Zheng He, amiri wa karne ya 15 ambaye meli zake zilifika Mogadishu na Malindi, alizaliwa huko katika familia ya Kiislamu. Tafuta alama ya qingzhen, yaani halali, na uulizie nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa mtindo wao.

Nenda na watu wanne au zaidi, kwa sababu sahani ni kubwa na zinaliwa kwa kushirikiana. Mchana wa Beijing huanza mapema: saa tano na nusu meza zinaanza kujaa, na majiko mengi ya nyumba za serikali hayasubiri wachelewaji.