Kifo cha Chatu Mchanga: Tutafute Sababu, Tusitafute Mchawi

Katika jamii yetu, kifo kisichotarajiwa hakikosi mshitakiwa. Akifa ng'ombe, jirani hutazamwa kwa jicho la pembeni. Ukinyauka mkarafuu, hukumbukwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Tabia hiyo ni ya zamani, nayo imewatenga ndugu wengi ambao hawakuwa na kosa lolote. Leo tunaijadili kwa kisa ambacho baadhi ya wasomaji watakiona kidogo: kisa cha chatu mchanga aliyefugwa na vijana wa kijiji kimoja cha shamba, akaugua, akafa, na kifo chake kikakaribia kuvunja ujirani wa miaka mingi.

Habari zenyewe ni hizi. Vijana hao walimkuta chatu huyo walipokuwa wakifyeka kichaka ili walime muhogo. Alikuwa mchanga, urefu wake hauzidi mkono wa mtu mzima. Kwa kuwa chatu hana sumu, waliona si hatari kumfuga. Na kwa kuwa wageni hupita karibu, waliona huenda akawaletea riziki. Wakamtia katika sanduku la mbao lenye wavu juu, wakaliweka juu ya sakafu ya saruji, ndani ya banda lisiloingia jua. Ulikuwa mwezi wa Julai, katikati ya kipupwe. Mchana kutwa alitolewa, akashikwa na watoto na kuoneshwa wapita njia.

Wiki ya kwanza alimeza kifaranga cha kuku. Wiki ya pili alimeza kingine, akakitapika siku ya tatu kikiwa kinanuka. Vijana wakadhani ana njaa, wakampa kingine kesho yake, nacho akakitapika. Baada ya hapo akakataa chakula kabisa, akawa anainua kichwa na kupumua kwa mdomo wazi, huku ute ukimtoka. Wiki ya sita wakamkuta amekufa.

Hapo likazuka neno kwamba mzee jirani, ambaye tangu mwanzo hakupendezwa na nyoka kuwekwa karibu na watoto, ndiye aliyehusika. Wengine walisema ni sumu, wengine walisema ni uchawi. Sheha akalazimika kuwakutanisha. Mzoga ulikuwa umekwisha kuzikwa, hivyo mganga wa mifugo hakupata cha kupasua. Kilichobaki ni maelezo ya vijana wenyewe. Nayo, yakipangwa siku kwa siku, yanasema mengi kuliko tuhuma zote.

Ili tuyaelewe maelezo hayo, hatuna budi kwanza tujue chatu ni kiumbe wa namna gani. Binadamu, mbuzi na kuku hutengeneza joto lao wenyewe kutokana na chakula wanachokula. Nyoka hana uwezo huo ila kwa kiasi kidogo sana. Joto lake hulipata kwa kwenda juani, na akizidiwa hurudi kivulini. Kwa hiyo, nyoka aliye huru hutwa nzima huchagua mahali pa kukaa, kama mpishi anavyoongeza na kupunguza kuni chini ya chungu. Aliyefungiwa sandukuni amenyang'anywa uchaguzi huo.

Chatu mwenyewe ametupa ushahidi ulio wazi. Mwaka 2018, mtaalamu Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika ya Kusini, alitangaza matokeo ya utafiti wake juu ya chatu wa kusini mwa Afrika. Chatu jike huyazungukia mayai yake shimoni bila kula, hutoka kuota jua mpaka mwili wake unapata joto kali, kisha hurudi kuyapasha mayai. Na yakishaanguliwa, hukaa na watoto wake kiasi cha wiki mbili, akiwapa joto lake nyakati za usiku. Hawapi maziwa wala hawaletei windo. Anachowapa ni joto na ulinzi. Tukiyajua hayo, tutafahamu kwamba jambo la kwanza ambalo mtoto wa chatu hulihitaji si kifaranga cha kuku, bali ni joto.

Sasa turudi bandani. Katika usiku wa kipupwe joto la Unguja huweza kushuka hadi kiasi cha nyuzi 22, na sakafu ya saruji huwa baridi zaidi. Chatu mchanga anahitaji upande mmoja wa makazi yake uwe na joto la nyuzi 30 au zaidi kidogo, na upande wa pili uwe na ubaridi wa kiasi, ili ajichagulie. Bila joto hilo tumbo lake halisagi. Kifaranga alichokimeza huoza kabla ya kuyeyushwa, naye hana njia ila kukitapika. Kutapika siku ya tatu, tena kitu kinachonuka, ni dalili inayolingana barabara na maelezo hayo.

Kosa la pili lilizaliwa na huruma. Nyoka aliyetapika ameumia tumboni na amepoteza maji mengi. Wafugaji wenye uzoefu humwacha apumzike siku 10 hadi 14, akiwa na joto na maji safi, kisha humpa windo dogo kuliko la kwanza. Kumpa chakula kingine kesho yake ni kama kumtwisha mzigo mgonjwa aliyeshindwa kutembea. Aidha, aliyekwisha kula hapaswi kushikwashikwa kwa muda wa siku 2 angalau. Huyu alishikwa kila siku na mikono mingi, naye kwa maumbile yake hujihisi salama akiwa amejificha gizani, amejikunja.

Hatua ya tatu ni pumzi. Nyoka aliyedhoofika kwa baridi hupoteza nguvu za kupambana na vijidudu, na mapafu yake hushikwa upesi. Naye hawezi kukohoa kama mbuzi akatoa makohozi. Ute hubaki ndani ukamzibia njia ya hewa. Kuinua kichwa, kufungua mdomo na kutoa ute ni dalili za ugonjwa wa mapafu ambazo mganga wa mifugo angezitambua kwa kumtazama tu. Siku hizo ndizo zilizokuwa za kumpeleka kwake, wala si siku ya maziko.

Hatusemi kwamba baridi ndiyo chanzo cha vifo vyote vya nyoka wafugwao. Yako maradhi mengine, na baadhi yake yaliwashinda hata wataalamu kwa miaka mingi. Tangu miaka ya 1970 ulijulikana ugonjwa uliowaua chatu na nyoka wa jamii ya boa katika vizimba vya Marekani na Ulaya, ukawafanya watapike, wapinde shingo na kutazama juu kama waliorukwa na akili. Sababu yake haikufahamika. Ndipo mfugaji mmoja wa Marekani, akihofia kwamba nyoka wake ameshikwa na ugonjwa huo, alipomwandikia barua mtaalamu Joseph DeRisi wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kumwomba msaada. Mwaka 2012 DeRisi na wenzake walitangaza kwamba wamevikuta virusi vya aina mpya katika nyoka wagonjwa. Miaka miwili baadaye vilitangazwa virusi vingine, vilivyokutwa katika chatu wenye ugonjwa wa mapafu. Tazameni tofauti iliyopo: mfugaji yule alipoona hatari hakumnyooshea kidole jirani yake. Aliuliza, na swali lake likaifaa dunia nzima.

Na ikiwa kweli tunatafuta sumu, tuanzie majumbani mwetu wenyewe. Panya aliyekula sumu ya panya humdhuru anayemla. Dawa ya kupulizia mbu na mende, ikipuliziwa juu ya sanduku, huweza kumwua nyoka. Utitiri unaojificha chini ya magamba humnyonya damu na kumdhoofisha, na mwenyewe aliyemshika kila siku asiuone. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Sisi tuliolelewa vyuoni tunajua pia kwamba jambo hili lina hukumu yake mbele ya Mwenyezi Mungu. Imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Kosa lililotajwa ni la kumfungia kiumbe kisha kutomtimizia haki yake. Mwenye kumzuia chatu asilifikie jua, analo deni la joto la kila usiku.

Upande wa Serikali nao una sheria zake. Sheria Nam. 10 ya mwaka 1996 ya Misitu ya Zanzibar inahusu pia hifadhi ya wanyama wa porini. Na chatu wa Afrika wamo katika Orodha ya Pili ya mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio katika hatari. Hivyo kijana anayetaka kumfuga kiumbe wa namna hiyo aanze katika ofisi ya misitu, si kichakani. Na kwa chatu aliyekutwa shambani, ambaye kazi yake huko ni kula panya wanaotula mazao, ushauri wetu ni kwamba aachwe aende zake.

Kwa viongozi tunatoa wito ufuatao. Maofisa wa mifugo waliopo wilayani wasiishie kwa ng'ombe na kuku. Wakiitwa kwa mnyama wa porini aliyefungiwa, waende, na wanachokiona wakiandike. Masheha wawaeleze wananchi kwamba mnyama akifa kwa ghafla mzoga usizikwe upesi: ufungwe katika mfuko, uwekwe kwenye barafu bila kugandishwa, ufikishwe kwa mganga wa mifugo siku ileile. Skuli zetu ziwafundishe watoto kunawa mikono kwa sabuni kila wanapomgusa nyoka au kobe, kwani viumbe hao huweza kubeba vijidudu vya salmonela vinavyomharisha binadamu bila wao wenyewe kuugua.

Na kwa vijana wa kijiji kile, tunawaomba waende kwa mzee wao wakamtake radhi. Hana kosa. Chatu wao alikufa kwa mambo ambayo kipimajoto kimoja, daftari moja na safari moja ya ofisi ya mifugo vingeweza kuyafichua mapema. Ujirani ukishavunjwa kwa tuhuma, hakuna mganga wa kuupasua akaonesha ulikufa kwa nini.