Karai Lililolowekwa Usiku Kucha

Siku ya mwethya, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, shughuli huanza mtoni kabla mchanga haujapata moto. Mawe yanapita mkono kwa mkono, vijana wanakoroga zege kwa sepeto, na fundi yuko juu ya ukuta na mwiko wake. Mabwawa mengi ya mchanga ya Kitui na Makueni yamejengwa hivyo, kwa nguvu za vikundi vya wanakijiji, mara nyingine vikisaidiwa na mashirika kama SASOL la Kitui. Jioni kila mtu yuko hoi. Karai, sepeto na wilbaro vinarundikwa chini ya mgunga, na kesho yake vimevaa ganda la kijivu.

Basi hutokea mjanja mmoja akavitumbukiza kwenye pipa la maji vilale humo, ili zege lilainike. Asubuhi ganda limezidi ugumu.

Kosa liko kwenye neno tunalolitumia. Tunasema zege limekauka, kumbe zege halikauki kama nguo kambani. Saruji hunywa maji na kuungana nayo kikemia, na muungano huo huzaa fuwele ndogo mno zinazoshikana na kuukumbatia mchanga na kokoto. Ndiyo sababu fundi anayeijua kazi yake humwagilia ukuta mpya maji siku nyingi, na ndiyo sababu wahandisi hungoja siku ya 28 kupima nguvu ya zege. Karai lililolazwa pipani limepewa matunzo yaleyale ya ukuta wa bwawa.

Tukishaelewa hilo, tunaweza kuutafuta udhaifu wa zege, nao upo. Ukilibana, zege ni shujaa. Ukilivuta au kulipinda, nguvu yake hushuka hadi takriban sehemu moja ya kumi. Anayelipiga ganda kwa nyundo kutoka juu analibana, yaani analishambulia pale lilipo imara kuliko kwingine, na pigo linaishia kwenye bati. Karai lipinduliwe, ligongwe mgongoni kwa nyundo ya mpira au ya mbao. Bati likinesa kidogo, zege haliwezi kunesa nalo, hivyo hupasuka na kubanduka vipande vipande. Kwenye chuma kinene kisichonesa, anza ukingoni mwa ganda: tindo ilale karibu sambamba na chuma, ipenye chini ya zege na kulinyanyua. Pangaboi la mashine ya kukorogea zege husafishwa vivyo hivyo, nalo pipa lake lisitwangwe kwa nyundo nzito. Kila bonde unalolichonga humo leo ni kiota cha zege la kesho.

Kabla mtu hajaingiza mkono au kichwa kwenye pipa hilo, mashine izimwe na waya wa umeme uchomolewe. Ikiwa ni ya injini ya petroli, waya wa plagi utolewe kabisa. Kwenye ujenzi mkubwa, wa kiasi cha bwawa la Thwake mpakani mwa Makueni na Kitui, mapipa ya malori ya zege ni mapana kiasi cha mtu kuingia mzima, na hapo ufunguo wa lori unapaswa kukaa mfukoni mwa yule aliye ndani. Sioni kwa nini ukae kwingine.

Vumbi nalo si la kupuuzwa. Mchanga wetu umejaa silika, na grainda ikigusa zege kavu hutoa unga laini unaofika chini kabisa ya mapafu na kubaki huko. Makovu yake hayatibiki. Lowesha ganda kabla ya kulichonga kwa tindo (hapa ndipo maji yana faida, kwani yanatuliza vumbi), vaa miwani ya kinga, na barakoa iwe ile nzito ya kuzuia vumbi, si kitambaa. Grainda ya umeme na maji havipatani, kwa hiyo ningeiacha iwe chaguo la mwisho, na itumike nje, mgongo ukiwa umepewa upepo.

Kisha kuna asidi. Ile ya hidrokloriki, inayouzwa madukani kwa kusafishia vigae na vyoo, huyeyusha saruji mbele ya macho yako, ikitoa povu kama soda. Tatizo ni kwamba haijui kusimama. Ikimaliza saruji hugeukia chuma, na kabla ya chuma hula zinki, lile koti linalozuia mabomba na mabati yasiote kutu. Inapokula metali hutoa haidrojeni, gesi inayowaka, hivyo sigara ikae mbali. Ikikutana na dawa ya madoa kama Jik hutoa klorini, gesi ya sumu. Na anayeizimua hutia asidi ndani ya maji, hatii maji ndani ya asidi. Asidi ya betri ni mbaya zaidi, na hata kazi yenyewe haiiwezi: ikikutana na saruji huunda ganda la jasi linalokinga zege lililo chini yake.

Nondo zisiguswe na asidi hata tone. Kloridi itakayobaki itaingia ukutani pamoja nazo na kuchokoza kutu ndani ya zege, mahali jicho halifiki. Zaidi ya hayo, utando mwembamba wa saruji ulioshika nondo barabara hauna madhara. Sugua kinachobanduka kwa brashi ya waya, kilichobaki kiende ukutani.

Badala ya asidi, mimi ningekwenda duka la chakula cha mifugo kununua molasi. Sukari na saruji ni maadui wa zamani. Gramu 50 tu zikiingia kwenye mfuko wa kilo 50 huchelewesha saruji kushika kwa saa kadhaa, kwa sababu sukari huing'ang'ania kalsiamu. Kwenye zege lililokwisha shika kazi ni ya polepole: paka molasi nzito, funika kwa karatasi ya nailoni isikauke, rudi kesho usugue, kisha upake tena. Utando mwembamba hulegea, donge nene haliendi popote bila tindo. Siki au maji ya ndimu hufanya kazi kwa utando pia, lakini nazo ni asidi, japo dhaifu, kwa hiyo suuza mapema. Chombo kilichopakwa molasi kioshwe vizuri kabla hakijagusa zege jipya, kwa sababu niliyokwisha kuitaja.

Kuna wanaochoma ganda kwa moto. Maji yaliyonaswa ndani hugeuka mvuke na kulirusha zege kama risasi, na zinki ikiungua moshi wake huleta homa.

Hayo yote yanaweza kuepukwa mapema. Viwango vinataka saruji ya daraja la 32.5 isianze kushika kabla ya dakika 75, lakini kipimo hicho ni cha maabara, si cha jua la Kibwezi. Kwa hiyo vyombo visuguliwe kila mapumziko, kwa mchanga wa maji na kipande cha gunia. Asubuhi vipanguswe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya kupikia. Oili chafu ya gari, wanayoipenda mafundi wengi, isifike mtoni kabisa, maana mchanga wa mtoni, unaonasa maji nyuma ya bwawa, ndio kisima cha kijiji. Maji ya kuoshea vyombo nayo ni makali kama magadi, na huunguza ngozi polepole bila maumivu, mpaka jioni. Yamwagwe kwenye shimo mbali na ukingo, juu ya vipande vya zege vilivyobanduliwa. Kama kuna asidi iliyobaki, imwagwe humohumo kidogo kidogo, pamoja na majivu ya jikoni, mpaka povu likome.