STAFELI, TOPETOPE NA TOMOKO: LIPI LA KULA, LIPI LA KUTUPA



Ukipita soko la Kasubi, utayaona matunda haya yamepangwa pamoja na mafenesi na maparachichi. Wengi wetu tunayachanganya kwa kuwa kila mmoja amekuja na jina la kwao. Tafadhali soma karatasi hii, kisha uwaeleze wasiojua kusoma.

Jinsi ya kuyatambua

1. Stafeli (Waganda husema ekitafeeri). Ni kubwa, la kijani, lina miiba laini. Nyama yake ni nyeupe, tamu yenye uchachu.
2. Topetope. Linatoshea kiganjani, lina magamba yenye vinundu. Likiiva hubomoka vipande vipande.
3. Tomoko. Lina umbo la moyo na ganda karibu laini, la manjano au jekundu. Wanaosema Kifaransa huliita "moyo wa ng'ombe".

Haya matatu ni ya jamii moja, na asili yake ni Amerika ya joto. Afrika nayo ina ndugu yao wa porini, mtopetope mwitu. Fenesi si wa jamii hiyo.

Kununua na kula

Bonyeza polepole karibu na kikonyo: likibonyea, liko tayari. Likiwa gumu, liweke ndani siku tatu hadi tano. Osha, menya, toa mbegu zote, ndipo ukamue juisi. Tumia maji yaliyochemshwa.

Hatari ya mbegu

Mbegu za fenesi huchemshwa zikaliwa. Mbegu za matunda haya matatu zina sumu. Mwaka wangu wa kwanza hapa, mimi mwenyewe nilikusanya mbegu za stafeli nizichemshe kama za fenesi. Jirani mmoja, mama mtu mzima, akaninyang'anya sufuria. Usizitwange wala usizisage pamoja na juisi. Wengine hutumia unga wake kuua chawa kichwani. Ukiingia machoni huumiza vibaya sana. Usiutumie kwa mtoto.

Je, majani yanaponya saratani?

Utasikia hivyo kwa wauzaji wa dawa za miti. Ukweli ni huu: katika maabara, dawa iliyokamuliwa kwenye majani ya mstafeli imeua chembe za saratani ndani ya vyombo. Kwa binadamu mgonjwa, haijathibitishwa kwamba inaponya. Tena, mwaka 1999 watafiti wa kisiwa cha Guadeloupe walieleza juu ya wagonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili, wengi wao wakiwa watu waliozoea matunda na chai ya majani ya jamii hii. Haikuthibitika kwamba hicho ndicho chanzo pekee, lakini inatosha kutuonya tusinywe chai hiyo kila siku kwa miezi. Kula tunda mara moja moja ni jambo jingine.

Kwa hiyo, ukiona uvimbe usiopungua, kidonda kisichopona au damu isiyo ya kawaida, usingojee majani. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, uombe barua ya kwenda Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyopo Mulago tangu 1967. Beba kitambulisho chako cha ukimbizi. Kama hujui Kiganda wala Kiingereza, nenda na mtu wa kukutafsiria. Ukiwa tayari unanywa majani, mwambie daktari bila aibu.

Ugonjwa uliowahiwa hutibika kwa urahisi kuliko uliocheleweshwa. Tunda ni chakula. Lile kwa furaha, mbegu tupa.